Kwa Sponji, Fundi Makochi: Sahani Kwanza, Sindano Baadaye

Mwaka umetimia, baba watoto, tangu asubuhi ile tulipokutoa chumbani ukiwa umeniegemea begani, na viatu vyako nimevishika mkononi kwa sababu ulikataa katakata kutoka nje peku. Hata siku ile! Huwezi kusimama, pumzi zinakwenda mbio, lakini viatu umevikumbuka. Nikakuvalisha pale mlangoni, nimepiga magoti, huku kijana wetu amekushika kiunoni usianguke. Jioni nilirudi na viatu, wewe hukurudi.

Watu wa gazeti wamesema niandike maneno machache ya kumbukumbu yako. Mimi na maneno machache, wapi na wapi? Wewe mwenyewe ulinipa jina la Kamanda, ukasema nikianza kuongea hata redio inajizima. Basi leo utanisikiliza. Na wanaosoma, wasome, sina la kuficha.

Nianze na kazi yako, maana bila kazi hakuna Sponji. Ulikuwa unashika misumari midogo mdomoni, unaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, nyundo haipumziki, na bado unaongea. Mteja anakuuliza kochi litakuwa tayari lini, unamjibu na misumari yako mdomoni, anaondoka akidhani umesema kesho. Kesho anakuja, kochi bado lina mbavu nje. Wewe unacheka tu. "Si nilikwambia wiki ijayo, bwana, hukunisikia?" Na nywele zako daima zimejaa vumbi la sponji, hata kwenye picha ya harusi yetu unaonekana kama umezeeka kabla ya wakati.

Tukienda kwa watu ulikuwa unanitia aibu. Tunakwenda kutoa pole msibani, watu wanalia, wewe umekaa unabonyeza kiti kwa kidole kusikiliza springi. Nikikufinya, unaninong'oneza, "Kamanda, hiki wamemlalia mteja, ndani ni magunia matupu." Msibani, jamani!

Lakini moyo wako ulikuwa laini. Lile benchi la kusubiria pale hospitali, kliniki ya kisukari, lilikuwa ubao mtupu, wazee wenye miguu mibovu wanakaa hapo tangu asubuhi mpaka waitwe. Hukuomba ruhusa kwa mtu. Ulikwenda siku ya mapumziko na sponji iliyobaki na kitambaa cha maua kilichokataliwa na mteja, ukalivisha benchi zima. Muuguzi alipokuja akakuta wagonjwa wanagombea kukaa. Nalijua benchi lile vizuri sasa, baba watoto. Nalikalia kila mwezi. Nitafika huko.

Ugonjwa wako hukunificha. Kabla hatujaoana uliniita, ukaweka chupa ya insulini na bomba la sindano mezani, ukasema, "Kabla hujanikubali, tazama hivi. Ukiolewa nami, unaolewa na hivi pia." Ukanieleza kwamba ulianza kuumwa ukiwa bado shule, kwamba kuna kitu mwili wa kila mtu unakitengeneza wenyewe na wako ulikwisha kuacha. Bila hicho kitu, mtu anakula na kushiba lakini chakula kinabaki kikizunguka kwenye damu kama sukari, mwili haukipati, unakauka huku umeshiba. Hicho kitu ndicho ulichokuwa unajichoma, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wa maisha. Si kama kisukari cha shangazi yangu anayemeza vidonge na kupunguza chai tamu. Wewe ukikosa sindano, umekwisha.

Nilikubali. Nilicheka hata, nikasema nimeshaona wanaume wenye mahari ya ajabu zaidi. Lakini niliogopa. Sikuwahi kukwambia niliogopa kiasi gani. Nilikuwa nikiamka usiku nasikiliza kama unapumua, ndipo nageuka upande wa pili.

Na wewe uliogopa, ingawa ulijifanya huogopi. Kitu kimoja kilikutisha kuliko vyote, nacho ni sukari kushuka. Siku moja kule karakanani, ulikwisha kujichoma, chakula kimefunikwa kinakusubiri, akaja mteja kubishana juu ya rangi ya kitambaa. Mkabishana, mkabishana, ukasahau kula. Ukaanza kutokwa jasho, maneno yakawa mazito, ukaanguka kwenye rundo la sponji. Mteja akasema, "Kumbe fundi mlevi." Bahati rafiki yako seremala, yule anayekutengenezea fremu, alikuwa mlango wa pili. Alikuta bado unaweza kumeza, akakunywesha soda kidogo kidogo mpaka macho yakarudi. Ulirudi nyumbani ukiwa umesinyaa kabisa. Ukatuita wote sebuleni.

"Kuanzia leo," ulisema, "nyumba hii ina sheria. Sahani kwanza, sindano baadaye. Nisiposikia sahani iko mezani, sijichomi. Mmesikia?"

Tulisikia, na tuliishika. Nani asiyeijua sauti yako ikitoka chumbani, "Sahani iko wapi?" Na binti yetu mdogo, huyu tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali, alijipa kazi hiyo mwenyewe. Anabeba sahani kwa mikono miwili, anaiweka, anapiga kelele mpaka majirani wanasikia, "Iko mezani!" Ndipo unajichoma, unatoka, unakula. Jirani mmoja alikuwa anasema akisikia Chiriku anajua na yeye saa ya kula imefika.

Sheria ile ilikuwa nzuri. Nasema mbele ya watu wote. Ilikulinda miaka mingi, na hukuanguka tena.

Sasa niseme juu ya siku zako za mwisho, na nitasema upesi.

Yalikuja yale maradhi ya tumbo, nusu ya mtaa wanatapika. Yakatuingilia na sisi, watoto yakawapita, wewe yakakulaza. Asubuhi ukauliza kama kawaida, "Sahani iko wapi?" Chiriku akaleta chai na mkate. Ukameza tonge moja, likarudi. Ukajaribu tena, likarudi. Nilikuwa nimekuwekea bomba la sindano tayari pembeni. Ukalirudisha kwenye kikasha chake, ukafunga.

"Leo hakuna sahani," ulisema, "basi hakuna sindano."

Nikakuuliza, "Baba watoto, una hakika?"

"Kamanda, nijichome na tumbo tupu? Nitazimika hapa hapa, mniokote. Nikianza kula nitajichoma."

Mama yako, aliyekuwa amekuletea maji, akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Na mimi ningesema nini? Wewe uliujua ugonjwa ule kabla hujanijua mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unawaelekeza wengine pale kliniki. Nikaamini, kama tulivyoamini sote.

Siku ya pili ukawa hivyo hivyo. Chakula hakikai, maji unakunywa jagi zima na bado midomo imekauka, unatoka chooni hujafika kitandani unarudi tena. Tulidhani ni tumbo. Kisha ikaja ile pumzi. Umelala chali hujafanya lolote, lakini unahema kwa nguvu, ndefu ndefu, kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo. Na kinywa chako kikatoa harufu ya matunda yaliyokaa sana kapuni. Nikawauliza watoto, "Nani amempa baba yenu matunda?" Hakuna aliyekupa. Harufu ile mpaka leo nikiisikia sokoni napita upande mwingine.

Tukakuvalisha viatu. Mengine unayajua, au huyajui, sijui kama mtu anajua.

Baada ya mazishi, muuguzi wa kliniki alinikalisha kwenye benchi lako la maua. Mama mnene, anavaa miwani kwenye kamba, hasemi kwa kuzungusha. Akaniambia, "Mama, mumeo aliacha kula, lakini mwili wake haukuacha kutoa sukari. Ini linatoa sukari lenyewe, na mtu akiumwa linazidisha. Alihitaji insulini siku zile pengine kuliko siku za kawaida. Alipoiacha, mwili ukaanza kuunguza mafuta yake, na mafuta hayo yakiungua hivyo yanaacha asidi kwenye damu. Ile harufu uliyoisikia, ndiyo hiyo."

Nilichotaka wakati ule ni kukuamsha nikugombeze. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango wa chumba, nikaligombeza shati lako. Nilisema maneno ambayo gazeti haliwezi kuandika.

Sikujua kwamba bado sijaogopa vya kutosha.

Hata miezi haikupita mingi, Chiriku akaanza kunywa maji. Nasema kunywa, siyo kunywa kwa kiu ya mchezo. Anasimama kwenye mtungi anashusha kikombe, anachota tena, anashusha, hapumziki. Mimi niko jikoni nasikia koo lake linavyofanya kazi, na kisu kikanidondoka. Sketi yake ya shule nilikuwa nimeipunguza kiuno, ikaanza kumporomoka tena. Kitanda kikaanza kulowa, mtoto mkubwa vile, anaficha shuka kwa aibu. Mama yako akasema, "Anarefuka tu huyo. Watoto wakirefuka wanakonda." Nikasema ndiyo, Mama. Nikaenda chumbani nikavuta droo yako, nikatoa ile mashine ya kupimia sukari.

Nilimwita Chiriku, nikamwambia alete kidole. Akakileta bila kuuliza, alishaona ukifanya mara nyingi. Nikachoma, nikagusisha tone la damu, tukasubiri. Mashine haikuandika namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Niliikung'uta kama saa mbovu. Nikapima tena. Ikaandika vile vile.

Mume wangu, nimezika mtu na sikuogopa kama nilivyoogopa pale, na mtoto ananitazama usoni anasubiri nimwambie kitu.

Unajua alisema nini? Alisema, "Nimepata ya Baba." Akasema hivyo karibu kwa furaha, kama amerithishwa saa yako. Hospitali walipomlaza, anawaambia wauguzi wote, "Baba yangu pia alikuwa nayo." Wao wananitazama mimi, mimi natazama ukuta.

Hivi ndivyo tunavyoishi sasa. Insulini yake inakaa kwenye mlango wa friji pale pale ilipokaa yako, na umeme ukikatika inaingia kwenye chungu chako chenye mchanga uliolowa maji, ibaki baridi. Ana ya haraka anayochomwa akila, na ana ya kutwa anayochomwa akirudi kutoka shule, inayofanya kazi polepole mpaka siku ya pili. Kijana wetu amejifunza kuchoma, amechukua karakana yako na anapiga misumari ovyo bado, lakini sindano anachoma vizuri kuliko mimi. Mwalimu wa Chiriku anajua aweke pipi mezani, kama mtoto akianza kutetemeka na kutoka jasho apewe upesi. Na mimi nimekuwa mwendawazimu. Nikimbusu namnusa kinywa. Juzi akaniambia mbele ya wageni, "Mama, unaninusa tena? Mimi siyo samaki." Wageni wakacheka, na mimi nikacheka, nikaenda jikoni nikakaa chini.

Na amechukua sheria yako, baba watoto. Hakuna aliyemfundisha. Kila akitaka kuchomwa anauliza kwa sauti nzito, ya kwako kabisa, "Sahani iko wapi?" Halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti yake, "Iko mezani!" Mara ya kwanza mama yako aliposikia alitoka nje akashika ukuta. Anasema mtoto ni mdogo lakini amekufufua.

Muuguzi alinionya. "Siku akiumwa, akitapika, akishindwa kula, ile ya kutwa haiachwi. Pima sukari mara kwa mara, pima na mkojo kwa hizi karatasi, zikigeuka zambarau ni ile asidi, mpe maji kidogo kidogo, nipigie mimi. Kutapika kukikataa kukoma, mlete." Nikarudi nikawaambia watu wote nyumbani. Mama yako akanisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Mwanangu aliishi na ugonjwa huu tangu utoto wake. Huyo muuguzi ameuishi lini?" Nikaacha. Nilimwomba Mungu siku hiyo isije.

Imekuja. Ni wiki chache tu zilizopita, mchana, kaka yake amemleta kutoka shule amembeba mgongoni. Darasa zima linatapika. Chiriku alitapika getini, akatapika mlangoni, akalala kwenye kochi lile refu ulilonitengenezea. Na alikuwa kimya. Unamjua mtoto yule, anaongea hata usingizini. Nilipoona yuko kimya, nikakimbilia mashine.

Nikapima sukari, iko juu, iko juu sana. Nikampeleka chooni, nikachovya karatasi kwenye mkojo wake. Ikageuka zambarau mikononi mwangu. Nikatoa sindano ya kutwa, nikavuta dawa, nikarudi sebuleni.

Chiriku akaiona. Akaweka mikono yote miwili juu ya paja.

"Hakuna sahani," akasema.

"Mwanangu, leo tutachoma bila sahani."

"Hapana. Sahani kwanza." Na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kuigiza. "Baba alisema."

Mama yako akaja akasimama kati yetu. Sijawahi kumwona mrefu namna ile. "Weka chini hiyo sindano, mke wa mwanangu. Mtoto hajala tangu asubuhi. Ukimchoma na tumbo tupu sukari itashuka, atazimika. Hujui wewe? Si mwanangu aliwafundisha wote humu ndani?"

Nisikilize vizuri hapa, baba watoto, kwa sababu hakuna mahali nimewahi kusimama pabaya kama pale. Alichosema kilikuwa cha kweli vilevile. Insulini inashusha. Ningeweza kumuua kwa mkono wangu mwenyewe, na sindano yangu, mchana kweupe, na mama yako anatazama. Na nisipomchoma anakufuata wewe. Nilitazama kifua chake. Nilitazama kinavyopanda na kushuka, nikaanza kusikia, au nilidhani nasikia, ile pumzi ndefu. Nilitaka uwepo unigombeze, unionyeshe njia. Hukuwepo. Ilikuwepo sheria yako tu, na ilikuwa imelala pale kwenye kochi imefunika paja.

Nikampigia muuguzi, nikaweka simu isikike na kila mtu. Nikamsomea sukari, nikamwambia rangi ya karatasi.

"Mchome sasa," akasema. "Ya kutwa, yote, usipunguze. Halafu mlete hapa mara moja, hiyo zambarau siipendi. Njiani awe anakunywa maji kwa kijiko. Sukari iko juu hivyo, haitaanguka ghafla, na ikishuka tutamwekea dripu. Mama, umenisikia? Mchome."

Mama yako hakusogea. "Na ukimchoma akafa," akaniambia, machozi yanamtoka lakini sauti imekaza, "mimi nitakutazama vipi? Tumbo lake ni tupu!"

"Mama," nikamwambia, "na la mwanao lilikuwa tupu."

Sijui lilitoka wapi neno lile. Na Chiriku, bado ameshika paja, akasema tena, "Lakini Baba alisema."

"Baba alikosea," nikamwambia.

Hakuna aliyewahi kusema hivyo ndani ya nyumba ile. Hata nilipoligombeza shati lako sikulisema hilo. Tulisema ulizidiwa, tulisema siku zilifika, tulisema mengi. Mama yako alikaa chini. Nilidhani atanilaani. Badala yake akasogea kwa magoti mpaka kwenye kochi, akaishika mikono ya mjukuu wake, akaitoa pale pajani taratibu, kidole kimoja kimoja. Akageuza uso ukutani, maana sindano haziwezi. Akasema, "Choma."

Nikachoma.

Sasa tufike hospitali na nini? Seremala wako ndiye aliyetokea na pikapu, amebeba kochi la mteja, lile la rangi ya maziwa ambalo kijana wako alilimaliza asubuhi. Nikamwambia, "Shemeji, shusha." Hakuuliza. Wakalishusha kochi kando ya barabara, na yeye mwenyewe akalikalia kulilinda, akamrushia kijana ufunguo. Nilipogeuka nyuma nilimwona amekaa katikati ya vumbi kwenye kochi jipya, amekunja mikono, watu wanampita wanamshangaa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilitaka kucheka, na nikashindwa.

Njia nzima mama yako anampa Chiriku maji kwa kijiko na kumwambia, "Meza, mama. Meza tena." Mimi nahesabu pumzi zake na kupotea hesabu na kuanza upya. Nilikuwa naogopa sukari kushuka, naogopa sukari kupanda, naogopa foleni, naogopa taa, naogopa dereva wangu mwenyewe ambaye amepata leseni juzi tu.

Walimpokea. Walimwekea dripu, na insulini tena, na walipima kila mara. Muuguzi alipotoka mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye benchi lako. Akasema, "Mmemwahi." Mama yako akamshika mkono muuguzi yule yule, akaubusu.

Chiriku alipofungua macho vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kochi la watu limeibwa?" Nikajua amerudi. Na hakunyamaza tena mpaka wagonjwa wengine wakaomba ahamishwe.

Siku tuliporudi nyumbani alikaa pembeni yangu jikoni, ananitazama ninavyokata vitunguu. Akauliza, "Mama, Baba angechoma siku ile, angekuwepo?"

Nilitaka kumwambia Mungu ndiye ajuaye. Ni jibu zuri, linafunga mazungumzo. Lakini mtoto huyu atachoma sindano maisha yake yote, na siku moja sitakuwepo mlangoni kumwambia achome. Nikaweka kisu chini.

"Angekuwepo," nikamwambia.

"Alikuwa hajui?"

"Alikuwa hajui. Alijua mengi, hilo hakulijua. Na sisi hatukulijua."

Akachukua kipande cha kitunguu, akakiweka.

"Sasa nani atamwambia?"

Nikachukua tena kisu, nikaendelea na vitunguu. Akasema, "Basi mwambie wewe, Mama. Wewe ndiye Kamanda."

Ndiyo maana naandika, baba watoto. Wengine wanaweka picha na ua, mimi nimetumwa. Siku mtu anapoumwa na chakula hakikai, sindano haiachwi. Anapima, anakunywa maji, anauliza wanaojua, anakwenda hospitali akiwa bado anaweza kutembea. Siku ile, mpenzi wangu, ulitakiwa kujichoma. Hukuwa mzembe na hukuwa mjinga. Ulikuwa unatulinda tusikuokote sakafuni. Ila ulikosea, na ungejua ungekuwa hapa, unamfokea kijana wako juu ya misumari.

Naogopa bado. Nitaogopa kila kikombe cha maji anachokunywa. Lakini sasa umeambiwa, na mtoto amesikia ukiambiwa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Kamanda wako. Mama yako mzazi, anayejifunza kuvuta dawa kwenye bomba huku amefumba jicho moja. Kijana wako, fundi makochi. Rafiki yako seremala, aliyelinda kochi. Na Chiriku, binti yako, ambaye jana aliamka na homa, hakula kitu, akapima, akajichoma ya kutwa mwenyewe.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Sponji.